Maprofesa wawili, waombaji kumi na wanne: je, kampasi yetu ifungue doktora ya informatika?

*"Jambo Prof. Mimi ni CT (chef de travaux, ngazi iliyo kati ya asistenti na profesa) katika idara ya informatika, kwenye kampasi ya Lubumbashi ya chuo kikuu chenye makao makuu Kinshasa. Uongozi umenipa kazi ya kuandika mradi wa kufungua doktora ya informatika mwaka wa masomo ujao. Tuna maprofesa wawili wa kudumu. Wa tatu hutoka Kinshasa mara mbili kwa mwaka, anafundisha wiki mbili mfululizo, kisha anarudi. Maasistenti na maCT wanaosubiri kujiandikisha ni kumi na wanne, mimi nikiwamo, na uongozi unataka tuwapokee wote kwa mpigo kwa sababu ada zao ndizo zitakazoendesha programu. Wenzangu wengine wanasema bila seva kubwa na umeme wa uhakika tutachekwa. Wengine wanasema informatika ya kweli iko Ulaya, tusijisumbue. Nina miaka 41 na watoto wanne, siwezi kwenda kukaa Ulaya miaka minne. Tufungue au tungoje? Na nikiuandika mradi huu vizuri, nitakuwa nimejisaidia au nimejichimbia shimo?"*

Ndugu CT, jambo sana.

Kazi ya kuandika haikutishi, hilo nimeliona. Unaogopa kwamba mlango utafunguliwa kwa shangwe, watu kumi na wanne wataingia, na miaka sita baadaye watakuwa wamo humohumo, wamelipa, nywele zimeanza mvi, diploma hawana, na jina lako liko kwenye ukurasa wa kwanza wa mradi. Una haki ya kuogopa. Wawili kati ya waliokwama namna hiyo niliwafundisha mimi mwenyewe lisansi, vijana wenye akili kali, na hadi leo nikikutana nao njiani tunaongea habari za watoto na mvua, habari za tasnifu hatuzigusi.

Jibu langu ni hili: anzeni, lakini anzeni kama tawi la shule ya doktora ambayo tayari ina kibali, na muanze na watu watatu. Sasa nieleze kwa nini.

Hoja ya mashine niimalize mapema, maana ndiyo inayopigiwa kelele kuliko zote na ndiyo nyepesi kuliko zote. Kuna kazi za informatika zinazohitaji kompyuta kubwa kweli, hasa kufunza modeli kubwa za akili bandia tangu mwanzo. Hizo ziacheni. Lakini kuthibitisha kwa hesabu kwamba programu haina kosa, kubuni namna ya kupeleka data kwenye mtandao unaokatika kila saa, kutengeneza hifadhidata inayofanya kazi ndani ya simu ya bei nafuu, kuchunguza jinsi mama muuzaji wa makaa anavyotumia pesa ya simu na wapi menyu inampoteza: hayo yote yanafanyika kwa laptopu nzuri, betri na inveta. Delestaji, yaani umeme kukatwa kwa zamu na SNEL, shirika la umeme la taifa, inasumbua, siwezi kukuficha, ila dawa yake ni nidhamu ya kazi. Jaribio la saa kumi liandikwe hivi kwamba programu inahifadhi hali yake kila robo saa. Umeme ukikatika, unaendelea ulipoishia. Mwanafunzi wa doktora asiyejua kuandika programu ya namna hiyo ana jambo la kujifunza kabla ya kudai seva.

Na mnacho ambacho Ulaya hawana. Katika orodha ya kimataifa ya misimbo ya lugha, Kiswahili sanifu kina msimbo wake, swh, na Kiswahili cha Kongo kina wa kwake, swc. Karibu data yote ya sauti na maandishi iliyokusanywa kwa ajili ya kompyuta ni ya Kiswahili sanifu. Chukua simu, washa programu ya kuandika unachosema, kisha ongea kama watu wa Katuba au Kamalondo hapa mjini wanavyoongea, Kifaransa na Kibemba vikiingia katikati ya sentensi. Utaona inavyochanganyikiwa. Hapo kuna tasnifu tatu au nne, na hakuna mahali pa kuziandikia panapozidi hapa mlipo. Anayesema informatika ya kweli iko Ulaya mwambie atazame Masakhane, kundi la watafiti wa lugha za Afrika lililoanza 2019, au mkutano wa Deep Learning Indaba uliofanyika mara ya kwanza Johannesburg mwaka 2017. Wengi waliofanya kazi hizo hawakungoja visa.

Basi, kama tatizo si mashine, ni nini? Ni saa za maprofesa.

Sisi wa informatika tunafundisha kanuni ya foleni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961: idadi ya waliomo ndani ya mfumo ni sawa na wanaoingia kwa mwaka mara miaka ambayo kila mmoja anakaa humo. Ipige kwenye mradi wako. Mfumo wa LMD (lisansi, masta, doktora) unaipa doktora miaka 3, lakini mtu anayefundisha, anayesahihisha mitihani na anayelea watoto huku akitafiti atatumia mitano. Mkipokea wanne tu kila mwaka, baada ya miaka mitano mna ishirini ndani. Gawanya kwa maprofesa wawili: kumi kila mmoja. Mwanafunzi mmoja anahitaji saa moja ya kikao kila wiki na walau saa mbili ambazo promota, yaani profesa anayemsimamia, anasoma alichoandika. Hizo ni saa thelathini kwa wiki kabla profesa hajaingia darasani. Wale kumi na wanne kwa mpigo ni saba kila mmoja, saa ishirini na moja. Unawajua maprofesa wako wawili. Wanazo?

Hawana. Kwa hiyo kitakachotokea ni kile kinachotokea kila mahali: kikao cha kila wiki kinakuwa cha kila mwezi, cha mwezi kinakuwa cha "nitumie, nitasoma", na mwanafunzi anabaki peke yake na swali lisilo na umbo. Profesa wa Kinshasa hatawaokoa kwa wiki zake nne za mwaka. Anafaa sana kwa somo fupi au kwa juri, yaani jopo la kuipima tasnifu. Kama yuko tayari kukutana na mwanafunzi mmoja kwa video kila wiki, na hilo likaandikwa na kutiwa saini, hapo mhesabu. Lisipoandikwa, msimhesabu.

Ngoja nikuonyeshe saa moja ya kikao inafanya nini, kwa sababu viongozi wengi wanadhani promota ni mtu wa kuweka saini. Mwanafunzi wangu mmoja alikusanya sauti sokoni, wauzaji wakitaja bei na majina ya bidhaa, akafunza programu ya kutambua maneno. Akaniletea jedwali lenye matokeo mazuri mno. Alikuwa amevaa shati jipya siku hiyo, alijua ni siku ya furaha. Nikamuuliza jambo moja: sauti za kufunzia na sauti za kupimia ulizigawaje? Akasema alizichanganya zote, kisha akachota kwa bahati nasibu. Nikamwomba afungue orodha. Tulizipitia mstari kwa mstari, na mstari wa kumi na kitu tukamkuta mama mmoja wa nyanya yuko pande zote mbili. Kisha mwingine. Kisha karibu wote. Programu haikuwa imejifunza maneno. Ilikuwa imezizoea sauti za watu walewale. Alipogawa upya, kila muuzaji akibaki upande mmoja tu, matokeo yaliporomoka. Alikaa kimya muda mrefu, nami nikakaa kimya naye. Wiki iliyofuata alirudi na swali jipya, la kweli zaidi kuliko la kwanza: kwa nini programu inashindwa kumwelewa mtu ambaye haijawahi kumsikia? Hilo ndilo likawa tasnifu yake.

Kosa lile lingeweza kufika hadi siku ya utetezi, mwanafunzi anapoitetea tasnifu mbele ya juri. Lingeweza kuchapishwa. Asingelijua yeye, wala juri iliyosoma kwa haraka. Doktora ni kumzoesha mtu kuliona kosa la namna hiyo mwenyewe, na haina njia ya mkato: anayelijua anakaa kando ya asiyelijua, mara nyingi, kwa miaka.

Promota peke yake hatoshi pia. Lazima pawe na semina. Siku moja ya wiki, saa ileile, chumba kilekile, mtu mmoja anaeleza makala aliyoisoma au kazi yake, wengine wanauliza. Mwaka wa kwanza watakuja wanne, na siku ya mvua watakuja wawili. Ifanyeni na wawili hao. Umeme ukikatika kuna ubao. Nimeona kampasi zenye majengo mazuri zikishindwa hapa, kwa sababu semina haileti posho na hakuna anayeiandika kwenye ripoti. Mimi ningekushauri uianze mwezi huu, kabla hata ya mradi kusomwa. Wale kumi na wanne waalike wote. Ukiona ni nani anayekuja wiki ya tisa, utakuwa umeshajua mengi ambayo faili la maombi halikwambii.

Sasa hilo tawi. Wanafunzi wanaandikishwa kwenye shule ya doktora yenye kibali, ya makao yenu makuu au ya chuo jirani, promota mmoja akiwa kule na mwenzake hapa Lubumbashi. Utafiti, semina na vikao vinafanyika hapa. Utetezi unafuata kanuni za kule, diploma inatoka kule. Ubaya wake ni kwamba kampasi haipati jina haraka, na mtategemea ofisi iliyo mbali kwa kila karatasi. Uzuri wake ni kwamba mwanafunzi anapata diploma isiyo na shaka wakati ninyi mnajifunza kazi. Watakaosema ni aibu kuanza chini ya mwingine wakumbushe historia ya hapahapa: chuo kikuu kilichofunguliwa Élisabethville, jina la zamani la Lubumbashi, mwaka 1956 kiligeuzwa kampasi tu ndani ya UNAZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zaire, mwaka 1971, kikasimama tena peke yake mwaka 1981 kwa jina la Chuo Kikuu cha Lubumbashi, nacho baadaye kikawa na matawi, na lile la Kolwezi leo ni chuo kikuu kamili.

Lini mjitegemee? Ningesema mkiwa na walimu wa kudumu wanne wenye doktora, ya informatika au ya fani za karibu kama hesabu tumizi na elektroniki, wanafunzi wawili wa kundi la kwanza wakiwa wameshatetea mbele ya juri yenye watu wa nje, na semina ikiwa imeishi miaka miwili bila kufa. Hicho ni kipimo changu, sheria haisemi hivyo. Sheria ina madai yake, na masharti ya nani anaweza kuwa promota msiyasikie kwa mtu koridoni. Yasomeni kwenye maagizo ya Wizara ya Elimu ya Juu na ya Vyuo Vikuu yenyewe.

Njia nyingine ni uongozi wa pamoja na chuo cha nje: vyuo viwili vinasaini mkataba, tasnifu ni moja, utetezi mmoja, na mwanafunzi anagawa muda wake kati ya nchi mbili. ARES na VLIR-UOS, mashirika ya ushirikiano wa vyuo ya Ubelgiji, zimegharamia kazi za namna hii na vyuo vya Kongo kwa miaka mingi. Ni njia nzuri sana kwa anayeweza kuondoka miezi mitatu au minne kwa mwaka. Na si lazima iwe Ulaya. Chuo Kikuu cha Rwanda kina vituo vya umahiri vya Afrika, kimoja cha sayansi ya data, kingine cha mtandao wa vitu, yaani vifaa vinavyotumiana data vyenyewe. Makerere ina koleji nzima ya kompyuta. Na Kitwe, Zambia, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, ni mwendo wa basi hadi Copperbelt University. Kikwazo huko ni Kiingereza. Nikuambie bila kuzunguka: hata anayebaki Lubumbashi na kuandika tasnifu kwa Kifaransa, makala atakazosoma ni za Kiingereza karibu zote. Wekeni somo la kusoma Kiingereza cha fani mwaka wa kwanza, la lazima.

Makala zenyewe zinapatikana. Kupitia Research4Life taasisi za nchi kama yetu hupata majarida mengi bila malipo; chuo ndicho kinachojiandikisha, kwa hiyo muulize mkutubi wenu kama kimeshafanya hivyo. arXiv, hifadhi ya makala mtandaoni, iko wazi kwa kila mtu tangu 1991. Kwenye kuchapisha ndiko kuna mtego. Kanuni ikisema tu "makala mbili katika jarida la kimataifa", mtaona makala zikikubaliwa kwa siku nne baada ya kulipa dola mia kadhaa, na hakuna aliyezisoma. Andikeni ndani ya kanuni kwamba kamati inathibitisha kila jarida kabla mwanafunzi hajatuma. Andikeni pia kwamba makala ya mkutano iliyopitiwa na wasomaji inahesabika, maana katika fani yetu kazi nyingi bora hutokea kwanza mikutanoni. Profesa wa sheria kwenye baraza atapinga, kwa kuwa kwao si hivyo. Mweleze kwa upole.

Kuhusu pesa uongozi umekosea, na ni bora usikie kwangu ili uwaambie wao. Doktora haijilipi kwa ada. Ikitegemea ada, siku itafika ambapo tasnifu dhaifu ya mtu aliyelipa miaka mitano itawekwa mezani, na juri itaona aibu kuikataa. Fedha zitoke kwenye bajeti ya chuo, kwenye miradi, au kwa wadau. Hapa Katanga wadau maana yake ni migodi, na nawashauri mwende kwao, kwa sababu wana matatizo halisi ya kukokotoa: foleni za malori, pampu, vihisi vinavyotoa data isiyosomwa na mtu. Ila kabla ya mwanafunzi kugusa faili moja, mkataba useme wazi kwamba tasnifu itatetewa hadharani na makala zitachapishwa, kampuni ikipewa siku kadhaa za kuangalia siri zake za biashara. Nilishuhudia kampuni moja ikizuia sura mbili za tasnifu ya binti mmoja wiki chache kabla ya utetezi, na karatasi ya kumlinda yule binti haikuwapo.

Nimefika kwako wewe. Unaandika mradi ambao wewe ni mmoja wa watakaonufaika nao. Hilo si dhambi, lakini liseme mwenyewe kwa maandishi, kwenye barua ya kuuwasilisha, kabla mtu hajalisema mgongoni kwako. Kisha jitoe kwenye kamati ya kuchagua. Usiandike sharti lolote la kujiunga ambalo linafanana mno na faili lako. Na usiwe katibu wa programu huku ukiwa mwanafunzi wake. Promota wako atakuwa anakutegemea kwa nyaraka zake siku ileile anayotakiwa kukuambia sura yako ya pili haifai.

Kwa hali yako ningependa doktora yako uiandikishe kwa uongozi wa pamoja, safari za miezi mitatu mitatu, nawe ukirudi uwe mwalimu wa nne tuliyemtaja. Umri usikutishe. Mwaka 1965 Mary Kenneth Keller, mtawa, alipata doktora ya sayansi ya kompyuta kule Wisconsin, mojawapo ya zile za kwanza kabisa nchini Marekani. Alikuwa na miaka 51. Baada ya hapo alikwenda Clarke, koleji ndogo ya mji wa Dubuque, akaanzisha idara ya kompyuta na kuiongoza miaka mingi.

Kuna mambo ambayo maandishi hayatoshi. Mkataba wa vyuo viwili usiusaini bila mwanasheria wa chuo kuusoma mbele yako. Kwa kibali, nenda kwa katibu mkuu wa taaluma ana kwa ana ukiwa na maswali kwenye karatasi, na mwombe akuonyeshe faili la programu iliyokubaliwa. Kabla ya kuwasilisha chochote, omba ruhusa ukae wiki moja kwenye maabara inayotoa wadoktora, uone vikao vyao. Na nyumbani zungumza na mkeo kuhusu ile miezi mitatu kabla ya kuzungumza na rekta.

Anza na hesabu ya saa. Chora jedwali: kila profesa, kila wiki, saa anazofundisha, anazosahihisha, anazokaa kwenye juri, na zilizobaki. Waombe wajaze wenyewe kwa mkono wao. Likijaa, niletee, Jumatano mchana huwa niko ofisini, tutalipitia pamoja na kuona kama ni watatu kweli, au ni wawili.